Kila Aliyepita Aliongeza Jiwe

Lima, 4 Machi 2004

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako yote miwili, goti limetulia na mvua za huko zimeanza kuchoka. Mama hajambo? Kifua je? Mwambie dawa nilizompa dereva wa basi ni za kumeza baada ya chakula, si za kutunza kwenye kopo kama zile za mwaka jana. Sisi huku tuko salama. Joto tu, na watoto hawatoki bombani.

Nakuandikia kwa sababu simu ya huko dukani kwa Doña Eufemia ina masikio mengi. Juzi nilikuambia nimegombana na bosi wangu wa kiwanda cha uchapaji, na kabla sijafika nyumbani shangazi alikuwa ameshapata habari, tena amezitia chumvi.

Sasa sikia. Meya wenu, Don Wilber, alikuja Lima mwezi uliopita. Anataka kijitabu kuhusu Sallapata: jiografia yake, historia yake na vivutio vyake, chenye picha, cha kugawa kwa watalii. Kasikia kwamba binti wa Eleuterio mwendesha nyumbu anafanya kazi ya kupanga vitabu, akaja moja kwa moja. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Tatizo ni kwamba nilitoka huko nikiwa na miaka kumi na moja. Ninachokumbuka ni baridi, harufu ya moshi kwenye sketi ya mama, na bata wa Doña Eufemia aliyekuwa akinikimbiza. Hayo si vivutio.

Wewe ndiye uliyezunguka milima yote ile na nyumbu wako. Niandikie basi. Mji uko juu kiasi gani, mito inatoka wapi, kanisa lilijengwa lini, watu wapelekwe kuona nini. Andika unavyosema, mimi nitapanga.

Na nikuambie jambo moja, usinicheke. Ukurasa wa mwisho naweka shukrani, na jina la kwanza litakuwa la kaka Abelino. Vitabu hutembea, baba. Huenda kimoja kikafika Brazil, akakiona. Miaka hii yote bila barua, tangu zile mbili za mwanzo, si kitu kwa mtu aliyekimbia bunduki. Labda anadhani bado tunapigwa risasi huku.

Msalimie mama, umbusu mikono.

Binti yako,
Nilda


Sallapata, 29 Machi 2004

Mwanangu Nilda,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumapili, imekunjwa kama mkate wa jana, nikajua dereva aliikalia. Mimi nipo, goti nalo lipo. Mama yako kifua kimepungua. Dawa amemeza nusu, nusu ameweka kwenye kopo, nimeona kwa macho yangu. Anasema anakusalimu na kwamba watoto wasioge maji ya bomba saa za jioni. Sisi tumevuna viazi vya kwanza, vidogo, vingine vimeoza.

Umeniuliza mambo ya maana mara ya kwanza tangu uolewe, kwa hiyo nitajibu.

Sallapata iko mita elfu tatu mia tisa na ishirini. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa shuleni. Mganga wa zahanati anasema ni mia tisa na hamsini, lakini yeye ni mtu wa pwani, kila ngazi kwake ni mlima. Mto mmoja unatoka kwenye barafu ya Yanaruntu, na barafu hiyo ulipozaliwa ilifika hadi kwenye mabwawa ya juu, leo ni kipande cha shuka kilichoanikwa. Andika hivyo au usiandike, watalii wenu wataona wenyewe. Kanisa ni la mwaka 1687. Mnara wake mmoja ulianguka kwa tetemeko babu yangu akiwa mtoto, ukajengwa upya mfupi, kwa sababu hela ya mnara mrefu padri aliondoka nayo. Kengele inaitwa María Asunta. Ina ufa, ndiyo maana inalia kama sufuria.

Maji ya moto yako chini ya daraja. Yanatibu mifupa, ila watu wa Don Wilber wameyajengea sementi na sasa wanaoga watu wanane kwenye shimo la wanne. Soko ni Jumapili. Mwezi wa Juni tunagandisha viazi kwenye nyasi na kuvikanyaga asubuhi. Waambie watalii waje, watakanyaga bure na sisi tutapumzika. Mwezi wa Agosti tunasafisha mfereji, wanaume wote na majembe, wanawake wanaleta supu na wimbo.

Apacheta, lile rundo la mawe kule juu penye kipito, njia inapovuka mlima, iache. Ni mawe tu. Kuna mawe kila mahali.

Jina la kaka yako nalo, fikiria mara mbili kabla hujaliweka.

Baba yako,
Eleuterio


Lima, 22 Aprili 2004

Baba mpenzi,

Shikamoo tena. Nafurahi mko wazima, poleni na viazi. Nilikusoma kwa sauti mezani, mume wangu akacheka hadi akapaliwa. Karibu yote nimeyatia, isipokuwa ya padri na hela.

Lakini baba, apacheta naiachaje? Don Wilber anaitaka jalada la mbele. Amenionyesha picha: ni kubwa kuliko nyumba yetu. Mabasi yote yanasimama pale, wageni wanashuka kupiga picha. Nimeshaandika aya yake, sikiliza:

"Msafiri anayefika kwenye kipito, mita elfu nne mia sita, huvua kofia. Huokota jiwe, hulisugua mahali palipomchosha, goti au mgongo, hulipulizia na kuliacha juu ya mengine. Uchovu wake, magonjwa yake na makosa yake hubaki hapo. Jiwe likishawekwa, hakuna aruhusiwaye kuliondoa."

Si ndivyo? Nakumbuka mama alinishika mkono nikaweka langu siku ile naondoka kuja Lima. Alisema acha hapa huzuni yako, mjini hutaihitaji.

Ninachokosa ni umri wake. Nani aliianza? Ni ya zamani za Wainka? Nahitaji jibu kabla ya tarehe kumi Mei, mitambo haitanisubiri.

Binti yako,
Nilda


Sallapata, 30 Mei 2004

Mwanangu,

Nasikia umekasirika kwamba nimechelewa na mitambo imelazimika kunisubiri. Tuko salama. Mama yako anakusalimu. Barafu imekuja mapema.

Nimefikiri. Umeuliza umri wa apacheta. Ni ya kale. Babu wa babu yangu alisema wapiga mbio waliokuwa wakibeba habari za mfalme wa Wainka ndio walioweka mawe ya kwanza, na kwamba chini kuna sadaka, na anayegusa atapata mvua ya mawe juu ya shamba lake miaka saba. Andika hivyo. Andika kwa herufi nene kwamba ni mahali patakatifu na mtu asiguse.

Eleuterio


Lima, 6 Septemba 2004

Baba yangu,

Shikamoo. Mko wazima nyote? Mimi sijui nianzie wapi kwa furaha. Najua Don Wilber ameshagawa nakala huko, na mama ameshikishwa moja akaishika kichwa chini. Doña Eufemia alinisimulia kwenye simu, nilicheka mpaka machozi. Nakala elfu moja zimekwisha. Wanachapa nyingine.

Na kubwa kuliko zote: profesa mmoja wa mambo ya kale amekisoma. Ile habari yako ya wapiga mbio na sadaka imemvuta. Anakuja na wanafunzi kumi na wawili tarehe kumi na tano Novemba kuifungua apacheta, taratibu, jiwe kwa jiwe, kila moja na namba yake, halafu wataijenga tena kama ilivyokuwa. Don Wilber amekubali na wazee wa jumuiya wametia sahihi. Wanataka wewe uwasimulie, uwe kama mwenyeji wao, na mama awapikie. Watalipa vizuri. Doña Eufemia anasema mama ameshaanza kuhesabu sahani.

Baba, jina lako liko kitabuni. "Kwa masimulizi ya Eleuterio Pumayali." Nimeona nikushtue.

Nilda wako


Sallapata, 27 Septemba 2004

Mwanangu Nilda,

Natumai wewe na watoto hamjambo. Sisi tuko kama tulivyo. Mama yako amekwenda kusagisha ngano, ndiyo maana naandika sasa. Kaa chini. Kama watoto wako karibu, watoe nje.

Usiwaache waichimbe apacheta. Chini yake yuko kaka yako.

Nimechana karatasi nne kabla ya hii. Hii sitaichana.

Ilikuwa Juni mwaka 1984, asubuhi. Wewe ulikuwa shuleni. Tulikuwa uwanjani tunakanyaga viazi, mama yako, Abelino na mimi. Wakashuka watu wenye bunduki. Usiniulize wa upande gani, miaka ile mtu hakuuliza, na wote walivaa poncho zile zile. Walitaka mtu wa kuwavusha upande wa pili, anayeijua njia ya kipito kwenye theluji. Mtu huyo alikuwa mimi. Miaka kumi na tano nimepita pale na nyumbu, mji mzima ulijua. Nilikuwa wa kwanza kuwaona. Nikaingia kwenye ghala la viazi, nikajifunika magunia.

Nilisikia wanauliza. Nilisikia jina langu. Kisha nikamsikia Abelino akisema, "Baba hayupo. Njia naijua mimi."

Kutoka ghalani hadi uwanjani ni hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikutoka.

Siku ya tatu nikapanda. Alikuwa kando ya njia, pale penye kipito, na kipande cha kadibodi kifuani kilichoandikwa kwamba atakayemzika atalala naye. Viatu vyake walikuwa wamevichukua. Mbwa walikuwa wameshaanza kuzunguka. Ardhi ilikuwa imeganda, jembe halingeingia, na hata lingeingia, udongo mpya ungeonekana kutoka bondeni. Kwa hiyo nikaokota mawe. Nilianza kwa madogo, juu ya uso. Nilimaliza jua likiwa utosini. Juu nikaweka majani ya koka na pombe kidogo, ili atakayepita adhani ni apacheta. Ni ujanja niliouona pale pale, sikuupanga.

Wiki iliyofuata wakapita wauza chumvi na lama wao wa mizigo. Niliwatazama kutoka mbali. Walivua kofia, wakaongeza mawe yao. Na waliofuata wakaongeza. Mwaka wa pili rundo lilikuwa limefika kiunoni. Mwaka wa tano mtu alisimika msalaba juu yake. Nikajiambia, haya, mkoa mzima unamzika mwanangu, hata mfalme hakuzikwa hivi. Nilijifariji kwa ujinga huo.

Mama yako nilimwambia nimekutana na muuza chumvi aliyemwona Abelino akiwatoroka na kushukia msituni. Aliamini, akapiga magoti papo hapo. Baada ya hapo ningefanya nini? Alikuwa haachi kuuliza mbona haandiki. Zile barua mbili kutoka Brazil, Nilda, niliziandika mimi. Nilikwenda hadi makao ya mkoa kununua bahasha ya aina nyingine. Wewe ulizisoma, maana ningezisoma mimi sauti ingenisaliti.

Miaka ya kwanza niliogopa bunduki. Bunduki zilipoondoka, nikawa namwogopa mama yako. Kila akipita pale anaweka jiwe na kuomba Abelino arudi. Mimi nasimama nyuma yake na kofia mkononi.

Uliponiuliza umri wa yale mawe, nilidhani kitu kikiandikwa kitabuni kuwa ni kitakatifu, hakuna atakayekigusa. Sikujua kwamba watu wenye elimu hukichimba kwa sababu hiyo hiyo.

Zungumza na huyo profesa. Mwambie nilidanganya, mwambie mimi ni mzee mlevi. Mwambie lolote, asije.

Baba yako


Lima, 12 Oktoba 2004

Baba,

Sitauliza hali. Nimekaa na barua yako siku sita na kazini sijaenda.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama karibu na jiko, nikazisoma zile barua kwa sauti ya juu kama tulivyofundishwa shuleni. "Huku kuna ndizi kubwa kama mkono wa mtu." Mama alicheka. Ulikuwa umekaa mlangoni unashona hatamu, na hukuinua kichwa. Ya pili nilimsomea labda mara mia moja. Alikuwa akiniita nikitoka kisimani, nisomee tena pale aliposema amenenepa. Umetumia kinywa changu, baba. Na sasa umetumia mkono wangu pia, maana uongo wako wa Wainka una jina langu juu yake, nakala elfu mbili.

Nimempigia profesa. Nilitaka kufanya ulivyoomba, namba nilishaipiga, lakini alipopokea nikamwambia ukweli. Amesema wanafunzi wake hawatakuja. Watakuja wengine, wale wanaotafuta waliozikwa bila majina, pamoja na mtu wa sheria. Tarehe itakuwa karibu na ile ile. Wanahitaji ndugu wa marehemu wawepo.

Kwa hiyo mama atajua. Kilichobaki ni nani atamwambia. Ukimwambia wewe kabla hawajafika, nitakuja, na nitakuita baba mbele za watu. Usipomwambia, nitapanda basi nimwambie mimi mwenyewe, na hutanisikia tena.

Sijui kuhusu ghala. Najiuliza ningefanya nini mimi, kwa hiyo hilo sikuhukumu. Nakuhukumu kwa hii miaka ishirini.

Nilda


Sallapata, 6 Novemba 2004

Binti yangu Nilda,

Mungu akutunze wewe na watoto. Mimi afya ninayo, sijui ya nini.

Nimemwambia.

Ilikuwa tarehe mbili, Siku ya Wafu, mchana, tumetoka makaburini. Meza ya wafu bado ilikuwa imetandikwa: mikate ya sura za watu, mmoja wa mama yake, mmoja wa baba yangu, mmoja wa yule mdogo wetu aliyefia tumboni. Wa Abelino mama yako hajawahi kumwokea, unajua, maana aliye hai haokewi. Nikasema, "Teófila, meza hii imepungukiwa na mmoja." Akaanza kuhesabu kwa kidole, akidhani amemsahau shangazi. Nikasema jina.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Alikuwa na viatu?" Nikasema hapana. Akauliza barua aliandika nani. Nikasema mimi. Akaondoa mikate mezani mmoja mmoja, akaifunga kwenye kitambaa, akakaa na mgongo kwangu hadi usiku.

Asubuhi hakuwepo. Nilijua yuko wapi. Goti hili lilinichukua saa nne kufika. Nilimkuta anaondoa mawe. Anachukua moja, anatembea nalo hatua kumi, analiweka chini, anarudi. Mwanamke wa miaka sabini na moja, mita elfu nne mia sita, kifua chake kile. Alikuwa ameshatoa kama arobaini, na rundo halikuonyesha hata kupungua.

Wale wanawake wanaouzia watalii viazi na kofia walikuwa wamemzunguka. Walikuwa wakimtukana. Walisema ni mchawi, analeta mvua ya mawe juu ya mashamba ya watu, kitabu chenyewe kimeandika miaka saba. Mmoja alikuwa na kile kijitabu mkononi na alikuwa akimpiga nacho begani. Ni maneno yangu aliyokuwa akipigwa nayo, Nilda.

Sikujificha safari hii. Nikaingia katikati, nikasema kwa sauti yote niliyonayo, "Hii si ya Wainka. Niliijenga mimi. Chini kuna mwanangu Abelino, na aliyemweka hapo ni woga wangu."

Yule wa kitabu alikificha ndani ya shali. Mama yako hata hakunitazama. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anahema, anazungumza na mikono yake. Nilimsogelea nimsikie. Alikuwa akisema, "Kila nilipovuka kutoka soko la upande wa pili nimechoka, nimemtwisha yeye. Magonjwa yangu yote nimemtwisha yeye. Miaka ishirini, mtoto wa watu."

Walimshusha kwa punda. Yuko kwa Doña Eufemia na amesema hataki kuniona. Nilijaribu kumpelekea supu, imerudi na kifuniko chake.

Nimetimiza uliyoniambia. Sikuombi uje kwa ajili yangu.

Eleuterio


Sallapata, 1 Desemba 2004

Nilda mwanangu,

Ni mama yako anayesema na Mwalimu Porfirio anayeandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asirembe. Barua zilizoandikwa na baba yako sizitaki tena hapa ndani, hata za salamu.

Natumaini wewe ni mzima, mume wako mzima, na watoto wanakula. Mimi kifua kinanibana lakini nala. Dawa sasa nameza zote.

Watu wa kuchimba walikuja tarehe ishirini. Wanne, na msichana mmoja mwenye mikono midogo, mpole sana. Walisema wao watano kutoa mawe yote yale itawachukua wiki mbili. Hapo ndipo watu wakaanza kupanda. Sikuwaita. Alikuja kwanza mzee Casimiro muuza chumvi, yule kipofu wa jicho moja, akasema yeye aliweka la kwanza na yeye atalitoa. Akavua kofia, akachukua jiwe, akaenda nalo hadi nyumbani kwake. Wengine wakafuata. Kila mtu alichukua aliyodhani ni yake, wakayabeba kwa shali na mifuko ya mbolea. Siku ya pili mstari ulifika hadi kwenye bwawa. Baadhi waliniomba radhi, nikawaambia hamkujua. Wapo ambao hawakuja. Wale wanawake wa viazi walilalamika watauza wapi sasa, na Don Wilber aliniuliza, kwa adabu, kama baadaye inaweza kujengwa tena kwa ajili ya kitabu. Yule msichana alimjibu, sikuelewa alichosema lakini aliondoka haraka.

Siku ya pili mchana wakamfikia. Waliniita nisogee. Baba yako alikuwa mbali, penye barabara, na nilimwona amekaa chini.

Sikiliza. Kila mwaka, mwezi wa Mei, nilikuwa nikimfumia sweta. Hukuwahi kuambiwa, wala baba yako hakujua, nilizificha kwenye sanduku la mahari yangu. Nilikuwa naongeza kidogo kidogo, nikisema sasa ana miaka ishirini, sasa thelathini, amenenepa, barua ilisema amenenepa. Siku ile nilipanda na ya mwaka huu nimvishe. Mwanangu, alikuwa mdogo. Yule msichana aliupima mfupa wa bega na mimi nikaiweka sweta juu yake, ikawa kama imeanikwa juu ya kijiti. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mdogo hivyo.

Wamempeleka mjini kwenye boksi la kadibodi lenye namba. Nilikataa aende na namba peke yake, Mwalimu akaandika jina ubavuni kwa kalamu nene. Watamrudisha tarehe kumi na nane na tutamzika kumi na tisa, karibu na mama yangu. Siku ya tano tutakwenda mtoni kufua nguo za marehemu kama desturi inavyotaka. Nguo alizozikwa nazo hazifuliki, kwa hiyo nimefumua sweta tatu na nafuma moja, ya kijana wa miaka kumi na saba, kama alivyokuwa. Nimebakiza mkono wa kushoto.

Baba yako yu hai. Anakula kwa jirani. Alimtuma Mwalimu aniulize kama anaweza kubeba jeneza. Nimesema abebe, kwa sababu kuna mwinuko na wanaume wenye nguvu wamebaki wachache. Kuhusu mengine sijui. Usinisukume.

Panda basi la tarehe kumi na sita, lete watoto, lete na nguo nzito. Kitabu chako usilete. Mwalimu amelia hapa mara mbili na karatasi imechafuka, usije ukadhani ni mimi. Mimi bado. Nitalia ukifika.

Mama yako,
Teófila